SELMAN WAKSMAN: BINGWA WA UDONGO ALIYETUACHIA DAWA NA FUNDISHO

Wako watu ambao majina yao yamebaki kwa sababu ya vita walivyopigana, na wako ambao yamebaki kwa sababu ya milki walizozitawala. Leo, ndugu wasomaji, tunapenda kueleza habari za mtu ambaye hakushika silaha, hakutawala nchi, wala hakuwa daktari wa kutibu wagonjwa. Kazi yake kwa zaidi ya miaka arobaini ilikuwa kuuchunguza udongo na vijidudu viishivyo ndani yake. Mtu huyo ni Selman Abraham Waksman. Katika maabara yake ndimo ilimovumbuliwa streptomaisini, kiuavijasumu cha kwanza kilichoweza kukishinda kijidudu cha kifua kikuu, maradhi ambayo kabla ya hapo yaliwaua watu kwa mamilioni, matajiri kwa maskini.

Habari za bingwa huyu zina fahari yake na zina doa lake, nasi tutaeleza yote mawili. Tena zina fundisho ambalo ulimwengu unazidi kulihitaji, kwa maana udongo ule ule uliotoa dawa ulikuwa umekwisha kuficha pia silaha za kuishinda dawa.

KUZALIWA KWAKE NA KUHAMIA MAREKANI

Waksman alizaliwa tarehe 22 Julai 1888 katika mji mdogo wa Novaya Priluka, nchini Ukraine, ambayo zamani hizo ilikuwa chini ya mfalme wa Urusi. Wazazi wake walikuwa Wayahudi wasiokuwa na mali nyingi. Nchi ile inasifika kwa udongo wake mweusi wenye rutuba, na watu wake wengi waliishi kwa kilimo. Alikuwa na dada mmoja tu, naye alifariki angali mtoto mchanga kwa ugonjwa wa dondakoo. Maradhi ya vijidudu, basi, yalibisha hodi nyumbani kwao mapema.

Katika siku zile sheria za Urusi ziliwawekea Wayahudi mipaka mikali katika elimu. Hata hivyo kijana Selman alisoma kwa bidii, akafaulu mtihani wa shule ya sekondari mjini Odessa. Mama yake alikuwa amefariki mwaka 1909, na mwaka uliofuata yeye akafunga safari kwenda Marekani kwa jamaa zake waliokuwa na shamba dogo katika jimbo la New Jersey. Huko ndiko alikojifunza kwa mikono yake kazi ya ukulima na ufugaji wa kuku.

Karibu na shamba hilo palikuwa na Chuo cha Rutgers, na katika chuo hicho alikuwapo mtaalamu wa udongo aitwaye Jacob Lipman, ambaye naye alikuwa mhamiaji kutoka Urusi. Waksman alikuwa na nia ya kusomea udaktari, lakini Lipman alimvuta kwenye elimu ya kilimo. Alipata shahada yake ya kwanza mwaka 1915. Mwaka 1916 akawa raia wa Marekani, na katika mwaka huo huo akamwoa Deborah Mitnik, aliyetoka mji mmoja naye. Mwaka 1918 alipata shahada ya udaktari wa falsafa katika Chuo Kikuu cha California, kisha akarejea Rutgers, akadumu huko mpaka alipostaafu.

VIJIDUDU VYA UDONGONI

Msomaji huenda akajiuliza, mna nini ndani ya udongo hata mtu mwenye akili atumie maisha yake yote kuuchungulia? Waswahili husema mtaka cha mvunguni sharti ainame, na Waksman aliinama kweli kweli. Katika kijiko kimoja cha udongo wa shamba mna vijidudu visivyohesabika. Vingine huozesha majani na mizoga na kuirudishia ardhi rutuba yake. Katika jamii hizo Waksman alipendelea sana ile iitwayo aktinomaiseti, ambayo huota nyuzi nyembamba kama ukungu, ingawa kwa asili ni bakteria. Harufu ile nzuri inayopanda ardhini mvua inaponyesha baada ya kiangazi hutokana kwa sehemu kubwa na vijidudu hivyo.

Tangu alipokuwa mwanafunzi alianza kuvikusanya na kuvipa majina. Mwaka 1923 alieleza aina mojawapo na kuipa jina la erythreus, kwa sababu ya rangi yake nyekundu. Jina hilo tunaomba msomaji alihifadhi, maana tutalirudia. Mwaka 1927 akatoa kitabu kikubwa juu ya vijidudu vya udongo, kikawa tegemeo la wanafunzi wa fani hiyo katika nchi nyingi.

Mambo mawili ndiyo yaliyomgeuza kutoka katika rutuba ya mashamba kwenda katika afya ya binadamu. La kwanza, katika miaka ya 1930 ilionekana katika maabara yake kwamba vijidudu vya kifua kikuu vikitiwa udongoni havidumu, bali hufa. La pili, mwaka 1939 aliyekuwa mwanafunzi wake, René Dubos, alitangaza kwamba amepata kutoka katika kijidudu cha udongoni kitu chenye nguvu ya kuua vijidudu vingine. Basi Waksman akatambua kwamba humo udongoni mna vita visivyokoma, na kwamba huenda silaha za vita hivyo zikamfaa mwanadamu.

Akapanga kazi yake kwa utaratibu. Udongo uliletwa kutoka mahali mbalimbali, vijidudu vikatengwa kimoja kimoja, kila kimoja kikajaribiwa kama kinaweza kuzuia vijidudu vya maradhi visiote. Mwaka 1940 yeye na mwanafunzi wake Boyd Woodruff walipata aktinomaisini, lakini ilikuwa sumu kali mno kwa wanyama. Mwaka 1942 wakapata streptothrisini, nayo ikaonekana kudhuru figo. Hawakukata tamaa. Ni katika miaka hiyo Waksman alipolieneza lile jina ambalo sasa linatumika duniani pote kwa dawa za namna hii, ambazo kwa lugha yetu huitwa viuavijasumu.

STREPTOMAISINI YAPATIKANA

Katikati ya mwaka 1943 alirudi maabara kijana mmoja mwanafunzi, Albert Schatz, mwenye umri wa miaka 23, aliyekuwa ameachiliwa kutoka jeshini kwa sababu ya ugonjwa wa mgongo. Kijana huyo alifanya kazi katika chumba cha chini ya jengo, mbali na wenzake, kwa kuwa kushughulika na vijidudu vya kifua kikuu kulikuwa jambo la hatari. Alifanya kazi usiku na mchana. Tarehe 19 Oktoba 1943 alipata aina mbili za kijidudu kiitwacho Streptomyces griseus, moja kutoka katika udongo uliotiwa mbolea na nyingine kutoka kooni mwa kuku. Vilitoa kitu kilichoua vijidudu ambavyo penisilini haikuviweza, na ndicho kilichoitwa streptomaisini.

Habari hizo zilitangazwa mwanzoni mwa 1944, zikiwa na majina ya Schatz, Elizabeth Bugie na Waksman. Mwaka huo huo madaktari Feldman na Hinshaw wa hospitali ya Mayo waliijaribu dawa hiyo kwa simbilisi walioambukizwa kifua kikuu, wakaona wanapona. Kisha ikajaribiwa kwa wagonjwa.

Ni vigumu leo kueleza furaha iliyowapata watu. Tangu Robert Koch alipokitambua kijidudu cha kifua kikuu mwaka 1882, miaka zaidi ya sitini ilikuwa imepita bila ya dawa. Mgonjwa alipewa kitanda, hewa safi na chakula kizuri, kisha akasubiri majaliwa. Sasa iko sindano.

UGOMVI WA MWALIMU NA MWANAFUNZI

Hapa hatuna budi kusema jambo ambalo wapenzi wa Waksman hawakupenda kulisikia. Hati ya kulinda uvumbuzi huo ilitolewa mwaka 1948 kwa majina ya watu wawili, Waksman na Schatz, na wote wawili walikuwa wameikabidhi haki yao kwa mfuko wa utafiti wa Rutgers. Schatz alielewa kwamba hakuna kati yao atakayejipatia mali kwa dawa hiyo. Baadaye akapata habari kwamba mwalimu wake alikuwa akilipwa sehemu ya mrabaha, na kwamba katika magazeti na mikutano jina lake yeye mwanafunzi lilikuwa likififia. Mwezi Machi 1950 akafungua mashtaka.

Kesi iliishia kwa mapatano katika Desemba mwaka huo. Schatz alikubaliwa kuwa mvumbuzi pamoja na Waksman, akapewa asilimia 3 ya mrabaha. Waksman alipata asilimia 10, na asilimia 7 ikagawanywa kwa wengine waliofanya kazi katika maabara ile. Sehemu kubwa iliyobaki ilikwenda kwa utafiti, na ndiyo iliyojenga Taasisi ya Mikrobiolojia iliyofunguliwa mwaka 1954. Waksman mwenyewe alitoa nusu ya fungu lake ili kuanzisha mfuko wa kusaidia elimu ya vijidudu. Lakini Tuzo ya Nobel ya mwaka 1952 alipewa peke yake, na Schatz aliachwa nje. Ilipita miaka mingi kabla ya Rutgers kumpa Schatz nishani yake ya heshima, mwaka 1994. Akafariki mwaka 2005.

Kwa maoni yetu, pasingekuwa na mpango wa Waksman, Schatz asingekuwa na mahali pa kutafuta. Na pasingekuwa na mikono ya Schatz, mpango ule huenda ungechelewa. Heshima ilikuwa ya kuwatosha wote wawili.

ADUI AJIFUNZA KUJILINDA

Watu walipokuwa bado wakigombania sifa, kijidudu chenyewe kilikuwa kimekwisha kuanza kuiponyoka dawa. Katika mwaka 1947 Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza lilianza jaribio la wagonjwa 107, lililotangazwa mwaka 1948. Wagonjwa 55 walipewa streptomaisini, na 52 walipewa mapumziko ya kitandani tu. Baada ya miezi sita walikuwa wamekufa wanne katika kundi la kwanza na 14 katika kundi la pili. Ushindi ulionekana wazi. Ila wengi katika wale waliopewa dawa walikutwa na vijidudu ambavyo streptomaisini haikuvidhuru tena, na baada ya miaka mitano zaidi ya nusu yao walikuwa wamefariki.

Sababu yake wataalamu wameichimbua hatua kwa hatua. Ndani ya kila bakteria mna vitu vidogo mno viitwavyo ribosomu, ambavyo kazi yao ni kutengeneza protini. Ribosomu tunaweza kuifananisha na fundi cherehani anayeshona kwa kufuata vipimo vilivyoandikwa. Sehemu kubwa ya mwili wa fundi huyo ni kitu kiitwacho RNA. Streptomaisini humshika fundi huyo na kumfanya asome vipimo vibaya, nguo zikatoka kombo, na bakteria akafa. Lakini katika mamilioni ya bakteria huwamo mmoja ambaye, kwa kuzaliwa tu, ribosomu yake ina tofauti ndogo pale dawa inaposhika. Wenzake wakifa, yeye hubaki na kuzaana.

Mwaka 2007 lilitangazwa jambo jingine la ajabu zaidi. Kwa desturi bakteria huwa na kimeng'enya kinachotia alama ndogo ya metili juu ya RNA ya ribosomu, yaani chembe moja ya kaboni na tatu za haidrojeni. Ilionekana kwamba kijidudu cha kifua kikuu kikipoteza kimeng'enya kimoja cha namna hiyo, kisiitie alama hiyo mahali pake, hupata ustahimilivu wa kiasi dhidi ya streptomaisini. Alama ndogo hivyo, na maisha ya mtu yanategemea kuwapo kwake!

Kwa dawa nyingine mambo huwa kinyume: alama ikiongezwa, dawa hushindwa. Hapa ndipo tunaporudia lile jina la erythreus. Mwaka 1949 daktari Abelardo Aguilar wa Ufilipino alituma udongo wa Iloilo kwa kampuni ya Eli Lilly ya Marekani. Humo kikatengwa kijidudu cha aina ile ile aliyoipa jina Waksman mwaka 1923, nacho kikatoa dawa ya eritromaisini, iliyoanza kutumika mwaka 1952. Mwaka 1987 wataalamu wakakihamishia kijidudu hicho katika jamii nyingine, kikawa Saccharopolyspora erythraea.

Eritromaisini huingia katika tundu la ribosomu ambamo protini mpya hupitia, ikaliziba. Sasa, kijidudu kinachoitengeneza sumu hiyo mbona hakijiui chenyewe? Jibu ni kwamba kina kimeng'enya kinachotia alama za metili mahali pale pale dawa inapotaka kushika, katika RNA ya sehemu kubwa ya ribosomu. Ni kama mtu aliyetia punje ya mchanga katika tundu la kufuli: ufunguo ni ule ule, mlango ni ule ule, lakini ufunguo hauingii.

Vimeng'enya vya namna hiyo vimekutwa pia kwa vijidudu vya maradhi. Miaka michache tu baada ya eritromaisini kutoka, vijidudu vya majipu na vidonda vilianza kuistahimili, na mwaka 1971 ikathibitishwa kwamba RNA yao ilikuwa imetiwa alama hizo. Ubaya wake ni kwamba alama moja huzuia dawa za jamii kadhaa kwa pamoja. Tena, kwa vijidudu vingine kimeng'enya hicho hulala mpaka dawa kidogo inapokiamsha. Kijidudu cha kifua kikuu nacho kina kimeng'enya chake cha jamii hii tangu asili, na ndiyo sababu mojawapo eritromaisini haikitibu. Na mwaka 2003 ilitangazwa huko Ufaransa habari za kimeng'enya kingine kinachoitia ribosomu alama na kuzizuia jentamaisini na amikasini, ambazo ni dawa za sindano za jamaa ya streptomaisini zinazotegemewa hospitalini.

Silaha hizi zilitoka wapi? Mwaka 1973 wataalamu Benveniste na Davies walionyesha kwamba vimeng'enya vinavyoharibu dawa katika bakteria sugu wa hospitalini vinafanana na vile vya vijidudu vya udongoni vinavyotengeneza dawa zenyewe. Tangu hapo wengi wameamini kwamba mbegu ya usugu imetoka udongoni, ikapita kutoka kijidudu hadi kijidudu. Kijidudu cha kifua kikuu hakikuazima usugu wake kwa njia hiyo. Chenyewe hubadilika humo humo mwilini mwa mgonjwa. Kikulacho ki nguoni mwako.

DAWA MOJA HAITOSHI

Je, kazi ya Waksman ilipotea bure? Hasha. Madaktari walijifunza kwamba dawa moja peke yake hushindwa, lakini zikiungana mbili au tatu, kijidudu kinachoiponyoka moja huuawa na nyingine. Mwaka 1952 ikaja isoniazidi, na baadaye rifampisini.

Katika mlango huu nchi za Afrika Mashariki zina sehemu yao ya heshima. Kuanzia mwaka 1970, hospitali za Kenya, Uganda na Tanzania zikishirikiana na Baraza lile la Uingereza zilijaribu kufupisha matibabu yaliyokuwa yakichukua miezi 18. Wagonjwa walipewa streptomaisini na isoniazidi kwa miezi sita, wengine wakaongezewa rifampisini au pirazinamidi. Matokeo yaliyoanza kutangazwa mwaka 1972 yalionyesha kwamba hao walioongezewa dawa hizo mbili walipona, na ni wachache tu waliorudiwa na maradhi. Tiba ya miezi sita iliyoenea ulimwenguni imejengwa juu ya msingi huo, uliowekwa na wagonjwa wa nchi hizi waliokubali kudungwa sindano kila siku.

Streptomaisini yenyewe imekwisha kuondoka katika safu ya mbele. Sindano zake huumiza na zaweza kuharibu masikio, na usugu umeenea. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliagiza kwamba ule mpango wa kuwarudishia wagonjwa matibabu kwa kuongeza streptomaisini usitumike tena. Badala yake kila mgonjwa apimwe kwanza ijulikane kijidudu chake kinashindwa na dawa gani.

MWISHO WAKE

Waksman alistaafu mwaka 1958, lakini hakuacha kuandika. Maisha yake alikwisha kuyasimulia katika kitabu alichokitoa mwaka 1954. Kabla ya hapo, mwaka 1949, yeye na Hubert Lechevalier walikuwa wamevumbua neomaisini, ambayo hata leo hutiwa katika marhamu za vidonda. Alifariki tarehe 16 Agosti 1973, akiwa na umri wa miaka 85, akazikwa Woods Hole, katika pwani ya jimbo la Massachusetts. Mwaka wa kufa kwake ndio ule ule ambao Benveniste na Davies walionyesha kwamba vijidudu vya udongoni vina ngao pamoja na mikuki.

Nasi tunaomaliza habari hizi tunaona kwamba urithi wa bingwa huyu si wa kutumiwa ovyo. Kila mara mgonjwa anapoacha vidonge kwa kuwa kikohozi kimepungua, au mtu anaponunua dawa dukani bila ya cheti na kumeza mbili tatu kwa ajili ya mafua ambayo dawa hiyo haiyatibu, huwaua vijidudu dhaifu na kuwaachia uwanja walio sugu. Wanaozaliwa hapo hawabaki mwilini mwake peke yake. Huhamia kwa mtoto wake na kwa jirani. Dawa zilizotoka udongoni ni chache, na kuzitafuta nyingine kumekuwa kazi ngumu. Basi tuzitumie kwa kipimo alichokiandika daktari, na tuzimalize mpaka siku ya mwisho.